Hekta Thelathini za Kinondo

Ukiteremka Ukunda ukashika barabara ya ufukweni kuelekea kusini, mkono wako wa kushoto ni kuta tupu. Ukuta wa hoteli, lango la hoteli, askari wa hoteli. Kisha nyumba ya mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Kisha hoteli tena. Bahari iko hapo nyuma, upepo wake unaupata, lakini huioni. Kiwanja cha upande huo bei yake hutajwa kwa kunong'ona. Ukishapita Galu na kuingia Kinondo ndipo unapoanza kujiuliza: hizi hekta thelathini hivi za miti mitupu, karibu namna hii na mchanga wa pwani, zimesalimikaje?

Jibu la haraka ni sheria. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani, kuwa turathi za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa, Kaya Kinondo ikiwamo, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Yote hayo ni kweli na yana manufaa yake. Lakini tangazo la 1992 lilikuta kazi imekwisha kufanywa. Msitu ulikuwa umesimama miaka mingi bila askari, bila uzio na bila kibao, wakati misitu mingine ya pwani yenye wino wa serikali ilikuwa ikitoka kwa malori usiku. Aliyekuwa akilinda Kinondo ni nani?

Nilipokelewa na kijana wa Kidigo, mwongozaji wa wageni. "Shikamoo, mzee," alisema, na aliposikia natokea Tanga akaongeza, "Basi umefika nyumbani." Si maneno ya kumpamba mgeni. Wadigo wa kwetu na wa hapa Kwale ni watu wamoja waliopitiwa katikati na mpaka. Kuna wanaovuka Horohoro na Lunga Lunga kwenda harusini kama wengine wanavyokwenda mtaa wa pili.

Kabla ya hatua ya kwanza alinipa kaniki nyeusi nijifunge kiunoni juu ya suruali. Kofia nikaivua. Masharti akayasema kwa sauti ya mtu anayeyajua kwa moyo, bila kuyarembesha: usichume jani, usiokote mbegu wala kijiti, usitupe kitu, usipige picha mpaka uulize, na kama umekuja na mwenzio msishikane wala msibusiane. Kulikuwa na wageni wawili, bibi na bwana kutoka Ulaya, waliokuwa wameshikana mikono tangu getini. Waliachana mara moja, wakawa wanatembea kama watoto wa madrasa wanaomwona mwalimu kwa mbali.

Masharti haya hayaeleweki ukiyachukua kama kanuni za hifadhi ya wanyama. Yanaeleweka vizuri mno ukiyachukua kama adabu za kuingia uani kwa watu. Na ndivyo palivyo. Kaya ilikuwa mji. Kwa masimulizi ya Wamijikenda wenyewe, mababu walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakashuka na pwani mpaka kila kundi likajichagulia mahali pake pa kujificha: Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Walifyeka katikati ya msitu mnene, wakajenga nyumba, na miti ya pembeni wakaiacha makusudi iwe boma. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye kupinda na zenye malango, ili adui asiweze kuja kwa kishindo. Ndani kabisa walizika fingo, kinga ya mji mzima, na karibu yake wakawazika wazee wao.

Wanahistoria hawaafikiani juu ya Singwaya. Wengine huichukua safari hiyo kama ilivyosimuliwa, wengine huiona kuwa kumbukumbu iliyofupisha mambo mengi ya vizazi vingi. Tena ardhi yenyewe ina ushahidi wake: vyungu vya kale ambavyo wanaakiolojia wameviita kwa jina la Kwale vinaonyesha kwamba wakulima walikuwa wamekwisha kukaa sehemu hizi katika karne za mwanzo baada ya Kristo, zamani sana kabla ya kaya yoyote inayokumbukwa. Mimi sioni sababu ya kuchagua upande. Mji unaweza kuwa na masimulizi yake na ardhi ikawa na yake.

UNESCO inahesabu kwamba kaya zilianza karne ya 16 na kwamba kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuzihama. Hatari ya kuvamiwa ilipungua, mashamba yakataka nafasi, na familia moja moja zikatoka kwenda kukaa kwenye mihogo na minazi yao. Nyumba zikaoza, miti ikarudi katikati. Lakini wafu hawakuhamishwa, wala fingo halikufukuliwa. Mahali palipoachwa na walio hai pakabaki na wenyeji wake wengine, wale ambao Wamijikenda huwaita koma, na wazee wakaendelea kwenda kuwaona mvua inapogoma, maradhi yanapozidi, au ndugu wanapokosana. Hapo ndipo naliona jibu la swali langu. Watu hawa walikuwa wakihifadhi wazee wao. Miti ilinufaika kwa kuwa jirani.

Nalisema hili kwa sababu vitabu vingi vya uhifadhi hupenda kuwapaka wahenga rangi ya wanamazingira, kana kwamba waliketi barazani wakajadili viumbe adimu. Hawakujadili. Aliyekata mti ndani ya kaya alitozwa kuku au mbuzi, kulingana na uzito wa kosa, na mnyama huyo alichinjwa kuwasuluhisha waliokosewa, yaani wale walio chini ya ardhi. Thamani ya mti haikutajwa. Hata hivyo tazama sharti hilo limefanya nini.

Ardhi ya Kinondo ni mwamba wa matumbawe. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na hapa tunapotembea palikuwa chini ya maji, matumbawe yakijengeka. Bahari ilipopungua mwamba ukabaki juu, mkali, wenye matundu na nyufa, na hadi leo ukikwaruza kwa kiatu unauona mweupe. Udongo juu yake ni kidogo sana. Mahali pengine haufiki kina cha kiganja. Mtu wa jembe angepatazama akaenda zake. Miti mikubwa inasimamaje hapo? Mizizi inafuata nyufa kwenda chini kutafuta maji, na chakula inakipata juu, katika takataka za msitu wenyewe: majani yaliyoanguka, magogo yanayooza, uyoga, mchwa, na majongoo meusi makubwa yanayopita njiani bila kumwogopa mtu. Karibu kila kitu ambacho mti unakula ni mti mwenzake uliokufa. Kijiji kikiruhusiwa kuingia kuokota kuni tu, kuni kavu, bila kukata hata tawi bichi, msitu wa juu ya mwamba huanza kufa njaa polepole. Sharti la kutookota kijiti, lililowekwa kwa heshima ya marehemu, ndilo linaloufanya udongo uendelee kuwapo.

Ndani, joto la barabarani linakatika ghafla. Sauti ya pikipiki huisikii tena, na bahari ambayo hukuiona nje sasa unaisikia. Kijana alikuwa akitaja miti kwa majina matatu, la Kidigo, la Kiswahili na la Kilatini, na kwa kila mmoja ana dawa yake: huu gome lake la tumbo, huu majani yake ya homa, huu usiuguse. Tulipita chini ya mti wa jamii ya mkuyu uliokuwa umemkumbatia mwenzake mpaka ukamnyonga. Mti wa namna hii huanza kwa mbegu iliyoangushwa na ndege au tumbili juu kwenye panda, hushusha mizizi mpaka ardhini, na mwishowe yule aliyeupa makao ndiye anayetoweka. Mibungo ilikuwa inaning'inia kutoka juu, na waliokulia pwani wanajua ladha ya tunda lake, uchachu unaokufumbisha jicho moja.

Mti ulionisimamisha zaidi katika misitu ya namna hii ni mbambakofi. Maganda yake ni meusi, magumu kama mbao, na yakipasuka hutoa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kikofia chekundu. Ni mbegu nzuri mno na mkono unazifuata wenyewe. Wachuuzi wa shanga wanazijua. Lakini mbambakofi ana sifa nyingine iliyomponza. Ni mbao ngumu isiyoliwa na mdudu, na ndiyo iliyotafutwa kwa milango ya nakshi na kwa majahazi. Mvule naye kadhalika kwa samani. Leo, nje ya misitu iliyolindwa, kukutana na mbambakofi mkubwa kando ya barabara ya pwani ni bahati. Mti ambao ungekuwa mlango wa mtu zamani bado ni mti kwa sababu umesimama juu ya makaburi.

Udogo wa msitu una gharama yake. Katika sehemu hizi za Diani na Kinondo anaishi mbega mweusi mwenye mabega meupe, aina ya mbega wa Angola, ambaye kwa upande wa Kenya makao yake ni hii pwani ya kusini. Mbega ni mla majani na mtu wa juu. Kushuka chini hapendi. Zamani angeweza kwenda kutoka mti hadi mti kwa safari ndefu. Sasa hekta thelathini zinaishia kwenye shamba, shamba linaishia kwenye ukuta, ukuta unaishia kwenye barabara, na akishuka kuvuka gari linamkuta. Shirika la uhifadhi wa mbega lililoanzishwa Diani mwaka 1997 limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufukweni, na wanyama wameyakubali. Ukikaa chini ya moja jioni utaona kima na mbega wakipita juu ya paa la matatu. Napenda kuyaona, lakini sitaki kujidanganya: daraja la kamba ni ishara ya msitu uliokatwakatwa vipande mpaka haujitoshelezi. Kipande kidogo kinapigwa na upepo na jua kila upande, mimea ya pembezoni inaingia ndani, na mti mkubwa ukianguka hakuna mwingine wa rika lake wa kuziba pengo kwa haraka.

Kwa nini basi wataalamu wa mimea wanavihangaikia vipande hivi? Kwa sababu misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Somalia ya kusini hadi Msumbiji, ni mabaki ya msitu wa kale sana uliopungua kadiri hali ya hewa ilivyokauka, na kila kipande kimebaki na viumbe vyake. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka kaya moja baada ya nyingine wakiorodhesha mimea, na kazi yao ndiyo iliyowafungua macho watu wa ofisini kwamba ndani ya vichaka vya wazee kulikuwa na mimea adimu isiyopatikana katika mbuga zenye sifa na watalii. Chukua mti mmoja mrefu wenye jina la Kilatini tu, Karomia gigas. Kenya ulijulikana kwa shina moja, huko Kilifi, na shina hilo likakatwa. Ukahesabiwa kuwa umetoweka duniani, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena mwaka 2011 katika misitu ya pwani ya kusini mwa Tanzania, miti michache. Mti mzima, jamii nzima, ulining'inia kwenye vipande vya msitu ambavyo dereva wa basi angevipita bila kugeuza shingo.

Sitaki kuichora kaya kama pepo. Mahali penye nguvu hutamaniwa na wenye nguvu. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kukataa kodi na kazi za Waingereza, na kiongozi wao Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu kula viapo vya umoja, serikali ya kikoloni ilifahamu vizuri moyo wa upinzani ulikuwa wapi: ikailipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti. Miaka themanini na mitatu baadaye, Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuwaua watu na kuwafukuza wengi waliotoka bara. Ikafahamika kwamba vijana walikuwa wamelishwa viapo msituni, na jina la Kaya Bombo likaingia katika taarifa za uchunguzi. Wazee wengi ambao hawakuhusika walitazamwa kwa jicho baya miaka mingi baadaye. Na hata leo, Kwale na Kilifi, mzee mwenye mvi anayejua miti ya dawa anaweza kuitwa mchawi na vijana wa ukoo wake mwenyewe, wakati mwingine kwa sababu tu shamba lake linatakiwa. Watu wameuawa kwa ajili hiyo. Anayesifu elimu ya wazee wa kaya bila kulitaja jambo hili anawauzia wasomaji nusu ya kitambaa.

Kuna pia mvutano wa dini. Wadigo wengi mno ni Waislamu, na wako mashehe wasiotaka kusikia habari za fingo na koma. Kwao ni shirki, basi. Wazee wana majibu yao, na mara nyingi jibu ni vitendo: mzee huyohuyo anaswali Ijumaa msikitini na kesho yake anaingia kaya kuomba mvua. Sisi wa Tanga hatuna la kujidai hapo. Katika mapango ya Amboni watu wanaacha sadaka mpaka leo, nao si wapagani wa vitabuni bali ni majirani zetu.

Tishio kubwa la Kinondo, hata hivyo, halitoki msikitini wala kwenye viapo. Linatoka upande ule wa kuta. Kusini kidogo kuna kisiwa cha Chale, nacho kina kaya yake. Miaka ya 1990 sehemu ya kisiwa hicho ilijengwa hoteli, licha ya malalamiko ya wazee, na tangu hapo kila mtu wa pwani ya kusini anajua kwamba utakatifu peke yake hauzuii hati ya ardhi. Ndiyo maana wazee wa Kinondo walikubali jambo ambalo baba zao wangelikataa: kufungua lango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaya ikaanza kupokea wageni kwa kiingilio, wakiongozwa na vijana wa hapo, na fedha zikarudi kijijini. Makaburi na fingo wageni hawafikishwi. Njia inapita mbali nayo.

Ni uamuzi wa busara, nami nina wasiwasi nao. Mti ambao ulilindwa kwa hofu sasa unalindwa pia kwa tiketi. Tiketi ina msimu. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, Diani nzima ilikaa mikono mitupu. Kwa jirani zao wa Gazi, kilomita chache kusini, watu wamechagua njia nyingine: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Nao ni mradi mzuri, lakini bei ya kaboni inapangwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la Gazi. Koma hawana msimu wala soko. UNESCO yenyewe, mwaka 2009, iliziweka mila za kaya katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kuokolewa haraka; maana yake, kwa lugha ya barazani, wazee wanakufa na wanaojua kuomba wanapungua. Msitu unaweza kuota tena ukipewa karne moja. Mzee aliyeondoka na maneno yake haoti.

Ukienda, nenda asubuhi mapema, na uvae viatu vyenye soli nene kwa ajili ya mwamba. Acha manukato. Mwulize mwongozaji kuhusu mimea kabla hujamwuliza kuhusu mizimu. Mazungumzo yatakuwa marefu na ya kweli zaidi. Yule wangu alikuwa amesomea utalii, anajua majina ya Kilatini, ana simu yenye picha za ndege, na mambo ya mababu aliyaeleza kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya habari. Nikawa karibu kuamini kwamba kwake yeye hofu ile imekwisha, imebaki kazi. Tulipokuwa tunatoka nikamwuliza, "Kijana wangu, ukichelewa Ukunda usiku, si unakata tu humu ndani ufike nyumbani upesi?"

Alinitazama aone kama natania.

"Mzee, njia ya kuzunguka ipo," akasema. "Na boda ni shilingi hamsini tu."